Siku Tuliyomzika Mjomba Cleophus Akiwa Hai

Nimewahi kubeba jeneza ambalo maiti wake alikuwa ananiambia nipunguze mwendo.

"Rayford, taratibu bwana! Unanigonga kisogo!"

Sikuwa naota. Wala sikuwa nimelewa, ingawa ilikuwa Jumapili ya tamasha na nusu ya kijiji chetu cha Tolliver, huku vilimani kaskazini mwa Mississippi, ilikuwa imelewa tangu Ijumaa.

Aliyekuwa ndani ya jeneza ni mume wa shangazi yangu, Mjomba Cleophus Gathings. Mzima wa afya. Asubuhi ile alikula mayai mpaka shangazi akaficha kikaango.

Na alikuwa ameomba mwenyewe azikwe.

Tulieni niwape mkasa mzima, maana kuna watu wanausimulia vibaya huko mitaani na wananiweka mimi kwenye nafasi ya mjinga.

Nafasi hiyo ni yangu kweli, lakini acha niichukue mwenyewe.

Kwanza mumjue mtu.

Kwenye mabango ya tamasha anaitwa Huzuni Gathings, Mfalme wa Mwisho wa Bluzi ya Vilimani, yaani ule muziki wetu wa majonzi.

Huzuni! Jamani, sijawahi kuona binadamu mwenye raha kama yule. Analala mchana, anakula kambare wa kukaanga, anacheka peke yake barazani. Ila apande jukwaani tu, uso unamporomoka utadhani kafiwa na ukoo mzima.

Ana masikio makubwa sana. Kofia yake haikai kichwani, inakaa juu ya masikio.

Gitaa lake kalipa jina. Analiita Bi Mdogo.

"Nyumbani ninaye Bi Mkubwa," huwaambia wageni kwenye kipaza sauti, "lakini huyu hapa ndiye Bi Mdogo. Huyu ndiye anayejua siri zangu!"

Wageni hoi kwa kicheko. Shangazi Odelia, shangazi yangu wa damu, dada wa baba yangu, yuko pembeni kwenye karai la mafuta. Yeye hacheki. Anageuza samaki.

Sasa sikilizeni utaratibu wetu, maana ndio uliozaa balaa.

Tamasha letu hufungwa na mtu mmoja. Jumapili alasiri, katikati ya tela la trekta ambalo ndilo jukwaa, kinawekwa kiti cha mbao. Mwenye kiti anapiga wimbo wa mwisho, watu wanakunja viti vyao, wanakwenda makwao.

Kiti hicho ni chako mpaka ufe, au mpaka umkabidhi mtu gitaa lako mkononi mbele ya watu. Ukishakabidhi umekabidhi. Na ukifa, anayekabidhi ni mjane wako, juu ya jeneza, maana vitu vya marehemu huku kwetu vinagawiwa na mjane. Likishatoka mkononi mwake mbele ya mchungaji, hata watoto wako hawalidai.

Aliyekuwa anakisubiri kiti ni mimi.

Mimi ni fundi matrekta, lakini gitaa napiga, tena si haba. Tangu ujana wangu nambebea mjomba spika. Namfungia nyaya. Namshikia kofia akienda chooni. Na kila mwaka alikuwa ananivuta pembeni.

"Rayford mwanangu, huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nikishuka hapa, Bi Mdogo ni wako."

Anapanda. Anaaga. Watu wanalia. Anashuka na gitaa lake, anakwenda kulala.

Mwaka unaofuata, bango jipya: Onyesho la Mwisho.

Kisha: Mwisho Kabisa.

Kisha: Safari Hii Kweli.

Mara saba, ndugu zangu. Mtu kaaga mara saba na hajaondoka hata hatua moja.

Wa kumlilia hakukosekana. Kuna Mswidi mmoja anaitwa Gunnar, ndevu mpaka kifuani, anakuja kila mwaka amevaa ovaroli jipya la mkulima. Sisi wakulima wenyewe tunavaa kaptura. Gunnar anazijua santuri zote za wazee wetu, na namba zake, na siku zilipotoka. Ukimwambia babu yako alikuwa anapiga bluzi, anakurekebisha jina la babu yako.

"Mzee Huzuni," anamuuliza mjomba kila mwaka, "ni kweli ulijifunza gitaa usiku, pale njia panda, kwa shetani?"

Mjomba anainamisha kichwa. "Mwanangu, kuna mambo hayasemwi."

Hayasemwi kwa sababu hayapo! Pale njia panda kuna kituo cha mafuta, na jambo pekee mjomba alilowahi kufanya pale ni kula kuku wa kukaanga mpaka akaumwa tumbo.

Gunnar alipenda kitu kingine pia. Nyuma ya nyumba, ukutani pa jiko la shangazi, kuna waya wa kufungia ufagio umepigiliwa misumari juu na chini, na chupa imebanwa kwenye waya ili uwike ukiuchezea. Nyumba nyingi za zamani huku zina waya kama huo. Mtoto ambaye kwao hakuna gitaa alijifunzia ukutani.

Shangazi alikuwa anautundikia vitambaa vya vyombo.

Basi Gunnar akija, anaviondoa vitambaa, anavitupa kwenye kapu, anaanza kupiga picha. "Hapa ndipo Huzuni alipoanzia!" Kisha anamgeukia shangazi. "Mama, naomba usogee kidogo, unauziba waya."

Shangazi anasogea.

Turudi kwenye mazishi.

Mwaka ule wa mazishi, wiki chache kabla ya tamasha, mwenyekiti wetu wa kamati, Bi Verdell Pickens, alifika kwa mjomba. Bi Verdell ana sauti moja tu, ile ya kuitia ng'ombe.

"Cleophus, tumechoka kukuaga! Mwaka jana aliyelia ni Mswidi peke yake, na yule hulia hata akila tamale za mahindi na nyama. Mwaka huu ama uondoke kweli, ama kusiwe na kuaga."

Mjomba aliumia. Alikaa barazani akagoma hata kulala mchana.

"Unaona, Rayford?" akaniambia. "Watu hawa wanangoja nife ndipo walete maua. Nitayanusaje? Nipeni maua yangu ningali nanusa!"

Huku kwetu kila mzee husema hivyo, nawe unaitikia amina, mnaendelea na mengine. Lakini siku ile kitu kikaniwakia kichwani.

Mjane ndiye anayekabidhi. Mjane ni shangazi yangu. Wa damu.

"Mjomba," nikasema, "kwani kwa nini tusikuzike?"

Akanitazama.

"Nini?"

"Tukuzike Jumapili ya tamasha. Ukiwa hai. Jeneza, kwaya, mchungaji, wasifu unasomwa, watu wanasimama kukusifu, wewe umelala unasikia kila kitu. Maua unayanusa mwenyewe."

Masikio yakamcheza, wallahi.

"Feni za karatasi za kujipepea zitakuwepo?" akauliza. "Zile za mazishi? Zenye picha yangu?"

"Pande zote mbili, mjomba."

"Wasifu naandika mwenyewe."

"Nani mwingine anakujua kama unavyojijua?"

Alikubali kabla chai yake ya baridi haijaisha. Bi Verdell naye akakubali, maana alikuwa radhi kufanya lolote ili amalizane naye. Mwenye duka la majeneza wa mji wa jirani akatuazima moja la maonyesho, lenye kitambaa cha zambarau.

Kikwazo kilikuwa Mchungaji Tisdale. "Kuzika mtu hai si mchezo wa kanisani," akasema. Ikabidi shangazi mwenyewe aende kumwona. Sijui alimwambia nini, lakini mchungaji alitoka pale anajifuta macho, akasema sawa.

Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa nachagua shati la kuvaa nikishakabidhiwa gitaa.

Ijumaa tamasha likaanza kama kawaida. Filimbi ya tete, ngoma, mbuzi motoni, akina mama wakicheza kwa kuinama mbele ya ngoma mpaka vumbi linapanda. Wageni walijaa. Lavonne, binti mkubwa wa mjomba na shangazi, aliendesha gari kutoka Detroit.

"Nimeambiwa baba anazikwa," akaniambia akishuka. "Nikauliza, amekufa? Wakasema hapana. Nikasema basi ni yeye huyo huyo."

Lavonne amerithi masikio ya baba yake. Anayafunika kwa nywele tangu shule ya msingi.

Jumamosi, wakati vijana wanapiga jukwaani, mjomba alikuwa nyuma ya tela analalamikia jeneza.

"Mto huu mwembamba. Na mikono nilaze vipi? Hivi, au hivi? Hivi naonekana nimekufa kwa uzee. Nataka nionekane nimekufa kwa mapenzi."

Kisha akaniita karibu, akashusha sauti.

"Rayford, nikwambie siri. Kwaya ikifika katikati ya wimbo, mimi nainuka! Nakaa kitako, nashika Bi Mdogo, napiga. Watu watazimia, mwanangu! Nani atamnyang'anya kiti mtu aliyefufuka? Nina miaka mingine saba hapo."

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye nywele.

Yaani nimtafutie jeneza, nimtafutie feni, nimtafutie mpaka kitambaa cha zambarau, halafu anifufukie?

Nikatabasamu. "Wazo zuri sana, mjomba."

Nikatoka pale mbio mpaka kwa Mchungaji Tisdale.

"Mchungaji, kwa heshima ya kanisa, tuweke sheria. Akishalala, amelala. Maiti hasemi, maiti hainuki, mpaka utoe baraka ya mwisho. Na gitaa likabidhiwe kabla ya baraka."

Mchungaji akanitazama sana. "Shangazi yako ameshaniomba hivyo hivyo," akasema.

Mimi nani nijiulize? Nikaona damu nzito kuliko maji, shangazi ananipigania mtoto wa kaka yake. Nikaenda kwake kwenye karai la samaki, nikasimama pale najikunakuna.

"Shangazi, kesho... gitaa... si ndiyo?"

"Si ndiyo nini?"

"Utamkabidhi nani?"

Akatoa kambare, akamkung'uta mafuta, akaniwekea kwenye mkate.

"Anayestahili, Rayford. Kula, usije ukaanguka na jeneza la watu."

Nikala kwa raha zangu zote. Anayestahili! Nani mwingine alishika kofia chooni?

Jumapili ikafika.

Uwanja haukuwa na pa kukanyaga. Watu walivaa nguo za kanisani, feni zinapepea, na kila feni ina Mjomba Cleophus mbele na Mjomba Cleophus nyuma. Gunnar alivaa ovaroli jeusi. Msiniulize alilitoa wapi.

Tukalibeba jeneza, filimbi na ngoma mbele, ndipo mjomba alipoanza yale mambo ya kisogo. Tukamweka mbele ya tela, mfuniko wazi. Bi Mdogo akalazwa kando kwenye stendi yake. Kiti cha mbao kilikuwa tayari, kitupu.

Mchungaji Tisdale akasoma sheria kwenye kipaza sauti. "Ndugu yetu Cleophus ameomba mazishi, na mazishi anayapata. Maiti hasemi, maiti hainuki, mpaka baraka. Cleophus, umekubali?"

"Amina!" likajibu jeneza.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," akasema mchungaji.

Lavonne akasoma wasifu. Mjomba alikuwa ameandika kwamba alizaliwa usiku wa radi, kwamba wanawake wa kata tatu walimlilia, na kwamba wimbo wake mkubwa, ule wa jiko linalofuka moshi, ulimjia njia panda baada ya mwanamke mkatili kumvunja moyo. Mama mzazi wa Lavonne hakutajwa mpaka mstari wa mwisho: "Ameacha mke."

Lavonne aliusoma mstari ule, akaikunja karatasi, akakaa.

Ikaja zamu ya salamu za waombolezaji. Kila mtu dakika mbili. Kwenye mazishi ya kwetu hakuna aliyewahi kuheshimu dakika mbili tangu nchi iumbwe, na siku ile ndiyo kabisa, maana watu waligundua jambo tamu: aliyelala pale hawezi kujibu.

Akasimama mzee mmoja mwindaji. "Marehemu alikuwa rafiki yangu. Alichukua mbwa wangu akasema kapotea msituni. Nimemwona mbwa wangu jana, barazani kwa marehemu. Amenenepa. Mungu amlaze pema. Marehemu, si mbwa."

Jeneza likakohoa.

Akasimama kiongozi wa kwaya. "Marehemu alikuwa mshirika wetu mwaminifu. Kila Pasaka tulimwona."

Akasimama Bi Verdell. "Cleophus ametuaga mara saba. Hii ya nane ndiyo ninayoamini, kwa sababu amelala na mdomo umefungwa. Sijawahi kuona muujiza mkubwa kuliko huu."

Uwanja ukalipuka. Feni zinapigwa magotini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, namwona mjomba ameshikilia ukingo wa jeneza mpaka vidole vimebadilika rangi. Maua ndiyo yale, mjomba. Nusa!

Akasimama Gunnar. Akalia dakika zake zote mbili. Akakaa.

Kwaya ikaanza kuimba. Ikafika katikati. Nikaona kofia inaanza kupanda kutoka kwenye jeneza, na masikio chini yake.

Ni shangazi aliyemuwahi. Alikuwa amevaa nyeusi, kofia yake pana ya kanisani, kitambaa mkononi. Alifika, akamwekea mkono kifuani, akamrudisha chini taratibu kama unavyomlaza mtoto.

"Lala, Cleophus," akasema, na kipaza sauti kikakamata. "Maiti hasemi."

"Odelia, sikia..."

"Wala hasikii."

Kwaya ikaacha kuimba, watu hawajiwezi kwa kicheko. Mchungaji akainua mkono. "Sasa mjane atakabidhi gitaa la marehemu."

Nikaweka kola sawa. Nikapiga hatua moja mbele. Nikanyoosha mikono, jamani, mbele ya kijiji kizima na Mswidi, nikanyoosha mikono yote miwili.

Shangazi akamchukua Bi Mdogo. Akaja na gitaa mpaka usawa wangu.

Akanipita.

Akapanda ngazi za tela moja moja, goti lake linamsumbua, akakaa kwenye kile kiti cha mbao. Akavua kofia ya kanisani, akaiweka sakafuni. Akaweka gitaa mapajani.

"Bi Mdogo," akasema, "njoo kwa Bi Mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Watu hawakujua kama wacheke.

Mikono yangu bado ilikuwa hewani. Bi Verdell ndiye aliyeishusha.

Mimi nilidhani shangazi anafanya kichekesho cha kuagia. Gunnar alidhani hivyo pia, alishaanza kumwonyesha kwa ishara asogee kidogo, picha isiharibike.

Ndipo akalegeza uzi mmoja, akaukaza mwingine, bila hata kutazama. Akapiga.

Nitasema nini? Mimi nimesikia ule wimbo wa jiko linalofuka moshi maisha yangu yote. Nilidhani naujua. Alivyoupiga shangazi, niliona kwamba mjomba miaka yote alikuwa anauvaa kama koti la kuazima, linambana mabegani. Dole gumba la shangazi lilikuwa linatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayerudi kwake.

*Jiko linafuka moshi, na mlango haufungi,*
*Nasema jiko linafuka moshi, na mlango haufungi,*
*Kitanda hiki kipana, peke yangu sikijazi.*

Akaimba ubeti wa pili. Mjomba siku zote huishia hapo, huinamisha kichwa, watu wanalia. Wimbo una beti mbili. Kila mtu anajua. Gunnar ameandika hivyo kwenye jarida la kwao.

Shangazi hakuishia hapo.

*Ukimwona Cleophus, mwambie mahindi yamekomaa,*
*Ukimwona Cleophus, mwambie mahindi yamekomaa,*
*Mwambie mtoto kazaliwa, na masikio yake kayavaa.*

Watu wote wakageuka kumtazama Lavonne.

Lavonne alikuwa amepeleka mikono kwenye masikio. Kisha, mbele ya kijiji kizima, akazisukuma nywele nyuma. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Wao wanakumbuka. Mimi nilikuja kuambiwa baadaye: mwaka aliozaliwa Lavonne, Cleophus alikwenda Memphis kutafuta umaarufu, akamwacha mkewe na ujauzito mkubwa. Alirudi mtoto ameshaota meno. Alikuta mkewe ana wimbo, aliutunga ukutani, kwenye waya wa ufagio, mtoto mgongoni. Akaupenda. Akaomba afundishwe. Akafundishwa. Kisha akamwambia nyumba moja haibebi magitaa mawili.

Shangazi alipomaliza alikaa na gitaa vile vile, akavuta kipaza sauti.

"Sikuwa na ugomvi," akasema. "Nilikuwa na watoto, nilikuwa na jiko, nikamwambia imba wewe. Mtu akiimba wimbo wangu, ni sawa, na mie nasikia nikiwa jikoni. Lakini mmenisimamisha hapa mara saba, nimemsikia anawaaga kwa maneno yangu mwenyewe, akisema aliyemvunja moyo ni mwanamke wa njia panda." Akafuta gitaa kwa kile kitambaa chake. Kilikuwa kitambaa cha vyombo. "Mchungaji, endelea."

Mchungaji Tisdale akatoa baraka. Alilazimika kuianza mara mbili.

Baada ya hapo watu wote walikimbilia jukwaani. Gunnar alikuwa anauliza mama, mama, wimbo ulitungwa mwaka gani, na ule waya, ule waya ni wa nani? Shangazi akamwambia asogee, anawazibia wajukuu.

Kwa hiyo mjomba alipofufuka, hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Aliinuka polepole, akakaa kitako ndani ya kitambaa cha zambarau, kofia imekaa upande. Nilijiandaa kumsikia anapiga kelele.

Alikuwa anatazama jukwaani tu.

"Ule ubeti wa tatu," akaniambia. "Nilidhani ameshausahau."

Nikampa mkono, nikamtoa kwenye jeneza. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Huzuni akiwa na huzuni, na ilimkaa vizuri kuliko zote alizowahi kuigiza.

Jioni nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira bado, siwafichi. Shangazi alikuwa anaosha masufuria, Bi Mdogo amelala juu ya meza ya jikoni kati ya unga wa mahindi na chumvi.

"Shangazi, ulisema utampa anayestahili."

"Nimempa."

"Na mimi je? Miaka yote hii nabeba spika?"

Akafuta mikono. Akaenda ukutani, akaviondoa vitambaa vya vyombo kwenye ule waya, kimoja kimoja, akavitia kwenye kapu. Akaubonyeza waya kwa kidole. Ukawika.

"Umebeba spika vizuri sana, Rayford. Hujawahi kuniuliza huu ni wa nani. Anzia hapa."

Basi ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nina ndevu na ufundi wa matrekta, na kila Jumamosi nimesimama nyuma ya nyumba ya watu napiga waya wa ufagio ukutani. Wajukuu zake wananicheka. Shangazi ananisikiliza kutoka jikoni, nikikosea anagonga sufuria.

Mjomba je? Tamasha lililofuata kiti kilikuwa cha shangazi, na karai la samaki likawa la mjomba. Anakaanga amevaa aproni, anawageuza kambare kwa unyenyekevu wote. Ila mtu haachi asili. Nilipita pale nikakuta ametundika bango:

Kambare wa Mwisho wa Maisha Yake.

Foleni ilikuwa ndefu. Gunnar alikuwa mbele, analia.

Somo langu ni hili, na nimelilipia kwa aibu ya mikono hewani. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, kwa hiyo kabla hujachimba kaburi la mwenzio ili urithi, uliza kwanza kitu unachokitaka kilitoka mkononi mwa nani. Huenda mwenyewe yuko jikoni, anageuza samaki, anakusubiri umalize kuchimba.